Mnyoo washa kwenye tangi la maji ya chumvi: yupi abaki, yupi atoke

Picha hunifikia usiku, saa nne au saa tano, maana huo ndio muda ambao mnyoo mwenyewe hutoka. Kioo cha tangi, jiwe, na ubavuni mwa jiwe kitu cha rangi ya waridi chenye vishungi vyeupe pande zote mbili. Chini yake swali: "Dada, huyu nimtoe au nimwache?" Kazi yangu ni kufunga na kuhudumia matangi ya samaki hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi ninakoishi hadi Capri Point na Ilemela, na kila mteja mwenye maji ya chumvi huliuliza swali hilo siku moja. Naliandikia hapa jibu lake kwa kirefu.

Kwa kifupi ni hivi. Yule mdogo anayejificha chini ya mawe na kula mabaki, mwache, ila usimshike kwa mkono mtupu. Yule mkubwa anayepanda matumbawe na kuyala, mtoe. Na kama umempenda mnyoo mwenyewe unataka kumfuga, mpe tangi lake peke yake, lenye kifuniko, mahali ambapo mtoto hafiki. Lakini kabla ya yote hayo jiulize anakula nini, kwa sababu wingi wake unatokana na mkono wako unaolisha.

Kwetu huku kanda ya ziwa kuna hatari ambayo watu wa pwani hawana. Mtoto wa Mwanza amechimba nyungunyungu tangu mdogo, amewachomeka kwenye ndoano, na mikono yake imebaki salama. Ziwa letu ni la maji baridi, na mnyoo wa kuwasha namna hii hayumo. Kwa hiyo akiona mnyoo kwenye tangi sebuleni, kwake huyo ni chambo, na mkono unaingia moja kwa moja. Nyungunyungu na mnyoo washa kweli ni wa jamii moja pana, wote miili yao ni ya pingilipingili, ila huyu wa baharini kila pingili yake ina silaha. Ukifunga tangi la chumvi nyumbani, waite watoto wote, na dada wa kazi pia, uwaeleze siku hiyohiyo.

Sasa kumtambua. Subiri saa mbili au tatu baada ya kuzima taa za tangi. Chukua tochi, ifunike kwa plastiki nyekundu ili mwanga usiwashtue, umulike polepole kwenye nyufa za mawe na pale mawe yanapokutana na mchanga.

Anayepatikana zaidi kwenye mawe ya Bahari ya Hindi ni Eurythoe complanata na jamaa zake. Ni mwembamba, rangi ya waridi inayoelekea chungwa au kijivu, na vishungi vya vinyweleo vyeupe vimepangwa ubavuni kutoka kichwani hadi mkiani. Wengi utakaowaona ni wa sentimita chache tu, ingawa mkubwa anaweza kufika 10 hadi 15. Ukimmulika anajivuta tunduni haraka. Huyu ni mfanyakazi wa usafi. Anakula chakula kilichodondoka, kinyesi, konokono aliyekufa nyuma ya jiwe ambaye wewe usingemwona mpaka maji yaanze kunuka. Katika tangi ambalo samaki mmoja akifa na kusahaulika amonia inapanda na kuwaua wengine, mimi namhesabia mnyoo huyu kama faida.

Anayeogopwa na wafugaji wa matumbawe ni Hermodice carunculata. Huyu ni wa Atlantiki ya kitropiki, Karibi na Mediterania. Jiwe lililotoka Tanga au Zanzibar halimleti. Atakufikia kama matumbawe yako yaliagizwa kutoka nje. Ni mpana na bapa, wa kijani, kahawia au mwekundu, na kando ya kila kishungi cheupe ana matamvua mekundu ya kupumulia. Juu ya kichwa ana kinundu cha mikunjomikunjo ambacho ukishakiona mara moja hukisahau. Urefu wa sentimita 15 hadi 30 ni wa kawaida kwake. Hana taya. Huligeuza koo lake likatokeza nje, akaifunika ncha ya tawi la tumbawe, akainyonya nyama yote na kuacha mfupa mweupe mtupu. Ukiamka ukakuta ncha za matawi zimekuwa nyeupe na jana zilikuwa na rangi, mulika usiku unaofuata kabla ya kulaumu maji. Hula anemoni pia.

Kuna wengine wawili wa kuwajua. Chloeia ni mfupi, mnene, ana vinyweleo virefu vya kupendeza na madoa yaliyokolea katikati ya mgongo. Anaishi kwenye mchanga, na huko baharini hula chambo akanasa kwenye ndoano za wavuvi. Ni mzuri wa kutazama, na ndiye ambaye mtu mzima hutamani kumgusa. Anawasha sana. Wa pili ni Eunice, ambaye hana vishungi vya kuwasha, ila ana pembe 5 kichwani, taya za kukata, na ngozi inayong'aa rangi za upinde wa mvua. Spishi kubwa ya jamii hiyo hupita urefu wa mita 1 na hukamata samaki wazima akiwa amejizika mchangani. Huyo mtoe bila mjadala. Ukimwona mnyoo aliye ndani ya mrija, ametoa manyoya kama taji na anayarudisha ukisogea, huyo hana kosa lolote, mwache aendelee kuchuja maji yako.

Niseme kuhusu kuwasha kwenyewe, maana watu wengi husoma kwamba "yule mdogo hana shida" wakaingiza mkono. Wote wenye vishungi wanawasha, mdogo na mkubwa. Vinyweleo vyao vimejengwa kwa chokaa, ni vyembamba na vyepesi kukatika, na mnyoo akishtuka huvisimamisha. Ukimgusa vinaingia ngozini na kukatikia humo. Aliyewahi kupitiwa na upupu shambani anajua mwanzo wa maumivu hayo. Hapa ongeza moto na uvimbe unaoweza kukaa siku kadhaa. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitenga kutoka kwa Eurythoe complanata kemikali waliyoiita complanine, inayosababisha uvimbe wa ngozi. Na mnyoo aliyekufa bado anachoma, kwa sababu vinyweleo vyake bado ni vilevile.

Akikuchoma, usisugue wala usikune. Kusugua kunavisukuma ndani zaidi. Chukua selotepu, ibandike juu ya ngozi kwa upole, ivute. Rudia kwa kipande kipya mpaka usione tena vinyweleo. Vilivyobaki vichomoe kwa kibano kwenye mwanga mzuri. Kisha osha kwa siki au spiriti. Maji ya moto yanayovumilika husaidia kutuliza, na dawa ya mzio ya kawaida ya duka la dawa hupunguza muwasho. Kama jicho limeguswa, kama uso unavimba, kama mtu anapumua kwa shida, au kama siku zinapita na kidonda kinazidi kuwa chekundu na kutoa usaha, nenda hospitali, na umweleze daktari kwamba ni mnyoo wa baharini mwenye vinyweleo. Daktari wa huku amezoea mambo ya ziwa, usimwache akisie.

Glavu zile nyembamba za hospitali hazitoshi. Nunua za mpira mzito, ndefu hadi kwenye kiwiko, na uziweke kwa ajili ya tangi tu. Kwa kuhamisha mawe hata mimi ninayefanya kazi hii kila siku sithubutu bila glavu, kwa sababu mnyoo hukaa upande wa chini wa jiwe, palepale vidole vinapoinulia.

Turudi kwenye chakula, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Mwalimu mmoja mstaafu wa Isamilo aliniita, akanipokea mlangoni na uso wa mtu aliyechoka. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba mwanangu. Hawa wadudu wamenishinda, nakuomba uwaue wote." Kweli walikuwa wengi, hata mchana walionekana. Nilikaa naye mpaka jioni nikiangalia maji, na katika muda huo wajukuu walipita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akitia punje zake kidogo, kwa mapenzi. Samaki walikuwa 4 tu. Nilimwomba mwalimu afungie kopo la chakula kabatini, alishe yeye mwenyewe mara moja kwa siku, kiasi ambacho samaki wanakimaliza ndani ya dakika 2. Hatukuua mnyoo hata mmoja. Miezi ikapita, wakapungua, wakarudi kuwa wale wa kutafutwa kwa tochi.

Ndivyo ilivyo. Idadi yao hupanda kufikia chakula kilichopo na hushuka kikipungua. Ukiwatoa 30 leo na kuendelea kulisha vilevile, nafasi yao itajazwa, maana kinachowazalisha bado kinaanguka kutoka juu. Tena Eurythoe akikatika vipande, vipande hivyo vinaweza kuota sehemu zilizopotea na kuwa minyoo kamili. Kwa hiyo usimkate kwa kisu wala kumponda kwenye jiwe. Tangi likiwa na minyoo inayotembea mchana, mimi naisoma hali hiyo kama kipimo: kuna chakula kingi, au kuna kitu kimekufa mahali. Tafuta hicho kwanza. Na wale wanaowapa samaki wa baharini unga wa dagaa mkavu kila siku kwa sababu soko la samaki la Mwaloni ni karibu, waache tabia hiyo: dagaa walioanikwa huja na mchanga, huvunjikavunjika, na sehemu kubwa ya unga huo inaishia chini kwa minyoo.

Dagaa huyohuyo ni chambo kizuri cha mtego. Chukua kipande cha bomba la plastiki la nusu inchi, urefu wa kiganja, ziba ncha zote mbili, toboa matundu machache ya upana wa milimita 5. Ndani weka dagaa mmoja aliyefungwa kwenye kipande cha soksi nyembamba ya nailoni. Mnyoo akiingia kula, vinyweleo vyake hunasa kwenye nyuzi za nailoni na hawezi kutoka haraka. Laza mtego kando ya jiwe taa zikishazimwa, uutoe kabla ya mapambazuko, ukiwa umevaa glavu. Kwa yule mkubwa, njia ya uhakika zaidi ni kukaa macho: kipande cha samaki wazi mbele ya tundu lake, kibano kirefu mkononi, na subira. Mshike akiwa ametoka mwili mzima. Akiwa nusu ndani, ukivuta atakatika. Ikiwa umejua jiwe analoishi, ni rahisi zaidi kulitoa jiwe lote, ukaliweka kwenye ndoo ya maji ya chumvi na kumvizia humo.

Wapo wanyama wanaowala wadogo, kama kamba wa Stenopus hispidus mwenye mistari myekundu na myeupe, ambaye yumo pia katika bahari yetu. Usimnunue kwa sababu hiyo tu. Naye anataka kulishwa na kutunzwa.

Njia ya kuzuia wasije kabisa ni kuanza na jiwe kavu la matumbawe ya kale, lililooshwa na kulowekwa, ukaliacha wiki kadhaa kwenye maji ya chumvi ili bakteria waote kabla ya kuweka samaki. Napendelea njia hii kwa moyo wote, kwa sababu nyingine pia. Jiwe hai, yaani jiwe la baharini lenye viumbe wanaoishi ndani yake, lililovunjwa kwenye mwamba ni nyumba ya samaki wa watu wa pwani. Tuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu tangu 1994, na Mafia ikawa hifadhi mwaka 1995, ili miamba hiyo isibomolewe. Mtu akiniletea jiwe ambalo hawezi kunieleza limetoka wapi na kwa kibali gani, silifungi. Lililo halali lichovye dakika moja au mbili kwenye maji yenye chumvi iliyozidi, kipimo cha uzito wa maji (specific gravity) cha 1.035 au juu kidogo. Wengi waliojificha watakimbia nje. Halafu likae kwenye ndoo yake yenye pampu na hita kwa wiki chache, giza likiingia unalimulika.

Na kama wewe ndiye unayetaka kumfuga mnyoo washa kwa kumpenda? Sikukatazi. Ni kiumbe wa kuvutia, na nimekaa mbele ya kioo usiku mrefu nikimtazama mmoja akipanga vishungi vyake anapotembea. Lakini piga hesabu ya Mwanza kwanza. Maji ya chumvi huku hayachotwi, yanatengenezwa: takriban gramu 35 za chumvi ya akwariamu kwa lita 1. Tangi la lita 200 linameza kilo 7 siku ya kwanza, na ukibadilisha asilimia 10 kila wiki ni gramu 700 nyingine. Chumvi ya mezani haifai. Ina sodiamu kloridi na madini joto, haina magnesiamu, kalsiamu na vingine kwa viwango vya bahari. Kusafirisha madumu ya maji ya bahari kwa basi zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Dar es Salaam ni kuyapeleka yachemke njiani. Maji ya bomba yana klorini, lazima uiondoe kwanza. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haikuondoka.

Halafu umeme. Ukikatika, watu huhangaikia hita, wakati kinachoua mapema ni ukosefu wa hewa. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na tangi lako liko juu zaidi, kwa hiyo maji ya hapa hushika oksijeni kidogo kuliko ya Dar es Salaam, na ya chumvi tena ya joto hushika kidogo zaidi. Pampu ya hewa ya betri iwe karibu na tangi, imejaribiwa. Kama hesabu hii inakulemea, furu wa ziwani kwenye maji baridi ni wazuri sana, na wana historia: watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, kabla sangara aliyepandikizwa hajawamaliza wengi wao. Muulize ofisa uvuvi taratibu za kuwapata.

Ukiamua ni mnyoo, tangi la lita 40 hadi 60 linamtosha mmoja. Mchanga mwembamba, mawe mawili matatu yenye mapango, nyuzi joto 25 hadi 26, chumvi 1.025. Chakula: kipande cha kamba au samaki wa baharini ukubwa wa punje ya mahindi, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kibano, kilichobaki kitolewe asubuhi. Usimwekee samaki wanaolala chini. Kifuniko kifunge kabisa, na matundu ya mipira ya pampu yazibwe kwa sponji.

Ukimtoa na humtaki, usimtupe chooni akiwa hai wala jalalani ambako kuku na watoto wanachakura. Mweke kwenye kopo lenye mfuniko, mgandishe kwenye friza, kisha umfukie akiwa ndani ya kopo hilohilo. Ziwani usitupe chochote cha tangi. Huyu wa chumvi atakufa humo, sawa, lakini mkono uliozoea kumwaga ndoo ziwani siku moja utamwaga samaki au mmea wa maji baridi usio wa kwetu, na huyo hatakufa.

Na ukisafiri, anayebaki na nyumba aachiwe karatasi iliyobandikwa kwenye kioo, kwa maandishi makubwa: usiingize mkono humu, chakula kiko kabatini, kipande kimoja Jumatano, kimoja Jumamosi, umeme ukikatika washa pampu ya betri, glavu na selotepu ziko droo ya juu, ukichomwa, usikune, nipigie.